Mkono wa Karani

Kwa miaka thelathini na nne niliwafundisha watoto wa darasa la kwanza kuandika. Sikuwa na kingine cha kujivunia, basi nilijivunia hicho. Mtoto aliyepita mikononi mwangu herufi zake zilisimama wima, na mikia ilikoma mahali pake. Kwa hiyo nilipostaafu na kuanza kuwasomea watu makaratasi ya vita, nilitokea kumchukia karani mmoja wa kikosi cha askari wa miguu ambaye sikuwahi kumwona, na ambaye bila shaka alikufa kabla sijapata meno ya utu uzima.

Mwandiko wake ulikuwa balaa. Katika mwandiko wetu wa Kirusi nusu ya herufi ni vijiti tu vilivyosimama, na vijiti hivyo vikifuatana unabaki na ua wa shamba usiojua lango lake liko wapi. Waandishi wenye huruma huchora mstari juu ya herufi moja na mstari chini ya nyingine ili msomaji apate pa kushika. Karani huyu alichora mistari anapojisikia. Herufi moja tu aliiandika kwa mapenzi, nayo ni F, ambayo kwetu ni kijiti kinachopita katikati ya duara. Aliichora kama mwanamke aliyeshika kiuno kwa mikono miwili, tayari kwa ugomvi.

Kila Alhamisi nilikaa katika maktaba ya mji wetu, kwenye meza iliyo karibu na bomba la joto, na watu waliniletea nakala za karatasi za kupendekeza nishani. Siku hizi zimewekwa mtandaoni, kila mtu anaweza kuzichapa, lakini kuzisoma ni kazi nyingine. Zilijazwa ndani ya mahandaki, kwa kalamu ya chuma na wino wa zambarau, na watu ambao hawajalala siku tatu. Juu kuna jina la askari, mwaka na mahali alipozaliwa. Katikati kuna kitendo chake. Safu ya mwisho ni anwani ya familia yake, na hapo kwa kawaida karani aliandika jina la mke kama askari mwenyewe alivyomtajia.

Nilikuwa na kanuni moja, na nilikuwa nimeibandika ukutani: Soma kilichoandikwa, usisome unachokitaka. Niliwatolea ukali watu kwa ajili ya kanuni hiyo. Mjukuu akiniambia, "Lakini mwalimu, hapa si inaonekana kama babu?" nilimjibu kwamba ukitaka kumwona babu angalia picha. Nayasema haya mapema ili mjue mnamsikiliza mtu wa aina gani.

Lukerya Tikhonovna alikuja mwezi wa Novemba, kwa basi la asubuhi kutoka Gorelukha, kijiji kilichobakiwa na nyumba saba zinazotoa moshi. Alikuwa na miaka themanini, amevaa viatu vya sufu na shali mbili za kichwani, moja juu ya nyingine. Watu wote walimwita shangazi Lusha, nami nikamwita hivyo hivyo. Alivua shali ya juu, akafungua mfuko wa plastiki, akatoa karatasi ndogo iliyokunjwa mara nyingi mpaka imekuwa na matundu kwenye mikunjo. Iliandikwa kwamba baba yake, Fomichev Tikhon Savvich, aliyezaliwa mwaka 1911, ametoweka bila habari, Januari 1943.

Kwetu kufa vitani ni jambo moja na kutoweka ni jingine. Mke wa aliyekufa alipata posho na kuni, na mwanamume akipita mbele ya nyumba yake alivua kofia. Mke wa aliyetoweka alipata macho ya watu. Nani ajuaye, pengine mumewe alinyoosha mikono juu akaenda kwa Wajerumani, pengine sasa anakula mkate mweupe huko ng'ambo. Mama yake shangazi Lusha, Ustinya, alilima shamba la ushirika mpaka mgongo ukapinda, na hakuna aliyemwita mjane. Lusha mwenyewe shuleni walimwita "Mjerumani". Mwaka 1953 aliomba kuingia chuo cha uuguzi, mkuu wa chuo akasoma fomu mpaka kwenye neno baba, akaikunja, akamrudishia. Miaka miwili baadaye alipata mchumba, na mama wa mchumba akasema hataki wajukuu wenye damu ya msaliti. Hakupata mwingine. Ustinya alifariki mwaka 1988, na maneno yake ya mwisho yalikuwa kwamba Tikhon hakujisalimisha.

"Yegorovna," aliniambia siku ile, kwa jina la baba yangu tu, kama watu wa kijijini wanavyoitana, "mimi sitaki makubwa. Mnara wetu wa waliokufa vitani unajengwa upya, majina yanapokelewa mpaka mwisho wa Machi. Nataka jina lake likae kwenye jiwe. Na kama mahali popote alimtaja mama, nataka kuona."

Nilimwambia sitoi ahadi. Akasema ahadi anazo nyingi, yeye anataka macho yangu.

Nilitafuta jina lake kwenye mtandao, hakikutoka kitu. Walioingiza majina hayo walikuwa vijana wa kulipwa kwa ukurasa, na mwandiko wa yule karani ulikuwa umewashinda kabisa. Lakini shangazi Lusha alikuwa na barua ya mwisho ya baba yake, na namba ya posta ya vitani juu yake ilinipeleka kwenye divisheni aliyotumikia. Ilikuwa na makaratasi elfu moja na mia moja, mengi yake ya mkono ule ule uliolaaniwa. Nikasema tutayasoma yote, moja moja.

Kusoma mkono mbaya kuna utaratibu wake. Unaanza na maneno ambayo lazima yawepo: jina la kamanda, neno nishani, neno askari. Kutoka hayo unajua jinsi karani anavyoandika kila herufi, kisha unatengeneza kadi ya alfabeti yake. Ya karani huyu niliichora kwa mkono wangu mwenyewe kwenye kadibodi, herufi kubwa, safi, kama nilivyokuwa nikiwachorea watoto ubaoni. Nilimpa shangazi Lusha nakala. Alinunua kioo cha kukuzia, akawa anakuja kila Alhamisi na mkate wa kabichi uliofungwa kwenye taulo, tunakaa bega kwa bega, mimi nasoma karatasi na yeye anawinda herufi F.

Alijifunza upesi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa na madarasa saba tu na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, lakini alisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na akaendelea. Alimtania karani kana kwamba ni mwanamume wa jirani. Karatasi ikiwa na matone ya wino alisema leo bwana alikunywa; ikiwa safi alisema leo kamanda alikuwa amesimama nyuma yake. Tulipokuta safu za mwisho alitaka nimsomee kila jina la mke: Anfisa, Pelageya, Domna. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kila mmoja, kama anayewasalimia kanisani. Mara moja aliniambia kwamba wale wanawake walikuwa na bahati, hata kama waume zao walikufa kesho yake, kwa sababu mtu aliwataja mbele ya karani.

Ule ulikuwa wakati wangu mzuri kuliko wote tangu nistaafu. Nausema wazi, maana baadaye nitasema mengine.

Nilimpata Jumanne asubuhi, mwezi Februari, nikiwa nyumbani peke yangu na chai yangu imepoa. Karatasi ilikuwa ya Machi 1945. Yule mwanamke wa kushika kiuno alikuwa amesimama mwanzoni mwa mstari wa kwanza. Nikaweka kadi pembeni, nikaenda herufi kwa herufi kama kanuni inavyotaka, na sikujiruhusu kufurahi mpaka nilipofika mwisho. Fomichev Tikhon Savvich, 1911, kijiji cha Gorelukha. Fundi wa simu za vita. Chini ya mizinga alitambaa mara nne kuunganisha waya uliokatika, akajeruhiwa mkono, akakataa kuondoka. Anapendekezwa kupewa Nishani ya Nyota Nyekundu. Safu ya majeraha ilionyesha kwamba ile Januari 1943 hakutoweka. Alijeruhiwa, akapelekwa hospitali ya mbali, kikosi chake kikamfuta kwa haraka, na alipopona akarudishwa kwenye kikosi kingine cha divisheni ile ile. Hakunyoosha mikono mbele ya mtu.

Nililia. Mwanamke mzima, nililia juu ya meza ya jikoni.

Kisha nikasoma safu ya mwisho. Karani alikuwa ameichoka karatasi alipofika hapo, mkono wake umetetemeka na herufi zimelaliana, lakini mimi nilikuwa nimekaa naye miezi mitatu na hakuweza tena kunificha. Mke: Fomicheva Klavdia. Mji mmoja wa viwanda huko milima ya Ural, Mtaa wa Reli, nyumba namba nane.

Niliisoma mara sita. Nilitafuta Ustinya ndani ya Klavdia, mimi mwenye kanuni ukutani, nikageuza karatasi upande huu na ule. Hakuwamo. Mtu huyu alilala hospitalini huko Ural, akapata mwanamke, na karani alipomuuliza familia yako iko wapi, akajibu bila kusita. Hakuisaliti nchi hata kidogo. Aliwasaliti wawili tu, na hao wawili walililinda jina lake miaka yote.

Simu ikalia. Shangazi Lusha alikuwa akinipigia kila siku saa nne kamili, kuuliza kama nimelala vizuri, ambayo ilikuwa njia yake ya kuuliza kama nimepata.

"Yegorovna, mbona unapumua hivyo? Umempata?"

"Nimempata," nikasema, na hapo nilikuwa bado mkweli.

Nikamwambia juu ya waya, mizinga, mkono na nishani. Nikamsikia akiweka kitu chini, pengine sufuria.

"Na safu ya mwisho?" akauliza. "Mama ameandikwa?"

Nimeisikia sauti ile mara nyingi tangu siku hiyo. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyesimama mlangoni mwa darasa, hajui kama ataruhusiwa kuingia. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba sijamaliza kusoma. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukurasa umechanika, jambo ambalo hutokea kila siku.

"Ameandikwa," nikasema. "Ustinya, Gorelukha."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami niliiona mwisho wake siku hiyo hiyo. Shangazi Lusha alitaka karatasi. Si kusomewa tu. Aliitaka mikononi, chini ya kioo chake, na alikuwa amejifunza mkono wa karani kwa sababu mimi mwenyewe nilimfundisha. Nilikaa mpaka mchana nikijibishana na nafsi yangu. Nilijiambia mwanamke huyu ana miaka themanini. Nilijiambia Ustinya yuko kaburini, Tikhon bila shaka naye yuko kaburini, na Klavdia pia; nani atadhurika? Nilizitafuta sababu zote nzuri na zote zilipatikana, kwa sababu sababu nzuri hazijawahi kumkosa mtu anayezitaka.

Kisha nikatoa kalamu yangu ya zamani ya chuma. Nikaweka kadi ya alfabeti mbele yangu. Kwenye kipande cha karatasi nyembamba nikaandika kwa mkono wa karani: Fomicheva Ustinya, kijiji cha Gorelukha. Sikuhitaji hata majaribio mengi. Nilibandika kipande kile juu ya safu ya mwisho, nikapiga nakala, kisha nakala ya nakala, mpaka ukingo wa kipande ukapotea. Na nitasema jambo la aibu zaidi: nilipoiangalia nilifurahishwa na kazi yangu. F yangu ilikuwa nzuri kuliko ya karani.

Alhamisi alikuja na shali zote mbili mpya. Hakuleta mkate, alisema mikono yake haikutulia kukanda. Alisoma karatasi kutoka juu mpaka chini kwa kioo, herufi moja baada ya nyingine, akilinganisha na kadi yake, na ilimchukua saa nzima. Mimi nilitazama bomba la joto. Alipofika mwisho aliweka kidole juu ya jina la mama yake, akakiacha hapo.

"Umeona, mama," akasema polepole, si kwangu. "Alikutaja."

Kuhusu kifo hatukujadiliana sana. Karatasi ilikuwa ya Machi, vita vilikwisha Mei, na kwa shangazi Lusha hesabu ilikuwa wazi: angekuwa hai angerudi kwa Ustinya, hakurudi, basi alikufa Aprili. Mwenyekiti wa kijiji alipoona nishani hakuuliza kitu. Tarehe tisa Mei, sikukuu yetu ya ushindi, jina la Fomichev T. S. lilikuwa kwenye jiwe, na shangazi Lusha alisimama mbele akiwa ameshika picha ya kijana mwenye masikio makubwa. Wazee watatu waliobaki, ambao shuleni walimwita Mjerumani, walikuja kumshika mkono. Mmoja wao alilia. Karatasi aliitia kwenye fremu ya kioo, akaiweka kwenye kona ya picha takatifu, chini ya taa. Kwa muda wa mwezi mmoja niliamini kwamba nimetenda wema.

Kosa langu la kijinga kuliko yote lilikuwa dogo. Novemba ile, kabla hatujaanza kusoma, niliweka tangazo kwenye ukurasa wa watu wanaotafuta jamaa zao: binti anatafuta habari za Fomichev Tikhon Savvich wa Gorelukha, pamoja na namba yangu ya simu. Sikulifuta. Nilikuwa na muda wa kughushi mkono wa maiti, lakini kufuta mistari miwili nilisahau.

Mwezi Juni mwanamke alinipigia simu kutoka stesheni ya treni. Alikuwa na sauti ya upole, ya mtu aliyechoka safari.

"Samahani kukusumbua, mama. Mkwe wangu ameona tangazo lenu mtandaoni. Mimi naitwa Rimma Tikhonovna."

Tikhonovna, binti Tikhon. Sikuhitaji kuuliza zaidi, lakini nilikwenda stesheni, kwa sababu miguu ilikwenda. Alikuwa amesimama kando ya begi dogo, mwanamke wa miaka sitini na tisa, na masikio ya ile picha yalikuwa yamechomoza chini ya kitambaa chake.

Ndani ya basi la Gorelukha alinisimulia yote bila mimi kuuliza. Baba yao alifariki mwaka 1979. Maisha yake yote hakusema neno juu ya kijiji alichotoka, ila mara moja mwaka 1953 aliaga kwamba anakwenda kazini, akapotea siku tano. Alipokuwa akikata roho alikiri. Alikuwa amefika mpaka kivuko cha mto wetu, akasimama kwenye gati, akaona moshi wa Gorelukha ng'ambo ya pili, akarudi. Aliwaambia ana binti huko, Lusha, mtafuteni. Wao waliandika barua mbili kwa halmashauri, zikarudi bila jibu, kisha mama yao akaugua, kisha nchi ikavunjika, kisha kila mmoja akawa na shida zake. Sasa kaka zake wawili walikuwa wamekufa na mumewe pia. Alifungua mkoba akanionyesha nishani, nyota nyekundu iliyofungwa kwenye leso.

"Hii ni yake yeye, si yangu," akasema. "Na mimi nina chumba cha pili, kitupu. Nilidhani kama atapenda, hata kwa majira ya baridi tu."

Mwaka 1953. Ndio mwaka Lusha alirudishiwa fomu yake imekunjwa. Nilifungua mdomo kumwambia nilichokifanya, na basi likafika, na nikaufunga. Nilikuwa na saa nzima kwenye basi lile na sikuitumia.

Shangazi Lusha alikuwa bustanini anapalilia vitunguu. Alitufungulia lango kwa furaha akidhani nimemletea mtafutaji mwingine wa makaratasi, akafuta mikono kwenye aproni, akaanza kusema juu ya chai. Rimma aliweka begi chini. Kisha akamwambia. Aliyasema kwa utaratibu na heshima, akimwita dada, na akaifungua leso.

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukifunga hivyo. Shangazi Lusha hakupiga kelele. Aliingia ndani akarudi na fremu, akaishika mbele ya kifua.

"Baba yangu alikufa Aprili mwaka arobaini na tano," akasema. "Mke wake ni Ustinya. Imeandikwa hapa na karani wa kikosi. Wewe mama, sijui umetumwa na nani, ila umekosea nyumba."

"Dada, mimi sitaki chochote kwako."

"Mimi sina dada. Ningekuwa na dada ningemjua."

Hapo ndipo nilipokiri. Nilisimama kati ya vitunguu, mwalimu wa miaka thelathini na nne, nikasema kwamba safu ya mwisho niliiandika mimi, kwa kalamu yangu, Jumanne ile ya Februari. Nilikuwa na nakala ya kweli ndani ya mkoba. Tangu Februari nilikuwa nikitembea nayo, sijui kwa nini. Nikampa. Nikamwomba alinganishe.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango. Alitia mkono mfukoni akatoa kioo chake na ile kadi niliyompa, iliyokwisha chakaa pembeni. Akaweka kadi katikati, karatasi yangu ya uongo kushoto, karatasi ya kweli kulia, akainama. Alisoma kwa muda mrefu kama alivyosoma siku ile maktabani, herufi moja baada ya nyingine. Rimma alinishika mkono bila kujua anaushika mkono wa nani.

Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa makavu.

"Hii ndiyo yake," akasema, na akagusa karatasi yangu. "Tazama F, sawasawa na kwenye kadi. Tazama mkia huu. Kila herufi imekaa mahali pake." Kisha akaigusa ile ya kulia. "Na hii imeghushiwa. Mkono unatetemeka, herufi zinaangukiana. Karani wetu hakuwa hivi. Aliyeandika hapa aliogopa."

"Shangazi Lusha, kadi ile niliichora mimi."

"Ulinifundisha mwenyewe, Yegorovna. Soma kilichoandikwa, usisome unachokitaka. Sasa wamekupa nini hata ukaja kunitukania mama mbele ya nyumba yake?"

Nilisema mengi baada ya hapo. Nilipiga magoti, na udongo wa bustani ukaingia kwenye soksi zangu. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama anavyosikilizwa mlevi, kisha akasimama, akaturudisha mpaka langoni na kulifunga kwa komeo. Nishani alimrudishia Rimma juu ya ua, ikiwa bado ndani ya leso, na akamwambia safari njema.

Tulirudi kwa basi. Tulipokaribia stesheni aliniuliza kitu kimoja, kwa sauti ile ile ya upole.

"Anwani yetu ulikuwa nayo tangu Februari?"

"Ndiyo."

"Bado tunakaa hapo hapo," akasema. "Mtaa wa Reli, namba nane. Ungeandika barua tu."

Shangazi Lusha alifariki mwezi Oktoba. Mama wa posta ndiye aliyemkuta, siku ya pili, kitandani, jiko limezimika. Nilimpigia Rimma, lakini ni siku mbili kwa treni na hali ya hewa ilikuwa imeharibika, hakuwahi mazishi. Tulikuwa watu tisa. Mama wa posta alisema marehemu alikuwa ameacha agizo moja tu, kwamba karatasi itolewe kwenye fremu na awekewe mikononi, maana anakwenda kumwonyesha mama.

Jeneza lilikuwa wazi na nilikuwa wa mwisho kumuaga. Karatasi ilikuwa chini ya vidole vyake, safu ya mwisho ikiwa juu, na F yangu imeshika kiuno. Ningeweza kuichukua. Wale wengine walikuwa wameshageuka kutafuta kofia zao. Nilimbusu kwenye paji la uso kama desturi inavyotaka, nikaiacha hapo, na wanaume wakaleta misumari.